Siku Watu wa Arobaini Walipongoja Gari Lilale

Bora nikiri mwenyewe, maana nisipokiri wapo watu wa Kwihara watakaowasimulia kwa furaha kubwa kuliko yangu: mimi ndiye yule fundi aliyesimama mbele ya watu wa arobaini, amevaa shati la kuazima, akamtangaza mdogo wa marehemu kuwa ndiye aliyekuwa akiliua gari la marehemu, na hazikupita saa tatu ikaonekana kwamba nusu ya tatizo ilikuwa ndani ya mfuko wa suruali wa huyo fundi. Suruali yangu, yaani (hiyo sikuiazima). Mpaka leo nikipita Kwihara na baiskeli, mtu akiwa kibarazani kwake atanipungia mkono na kuuliza, "Fundi, mfukoni umeangalia?" Nami nampungia na kumjibu nimeangalia, baba. Halafu nikishakata kona naangalia kweli.

Naitwa Doto. Pacha wangu Kulwa alikaa shuleni mpaka akawa mwalimu wa hesabu kule Ntalikwa, mimi niliacha nikiwa kidato cha pili, na si kwa ujinga, ila nina tabia ya kusikia nusu ya jambo, nikafurahi, nikaondoka kwenda kulijaribu. Nimekuwa utingo wa lori la mpunga Igunga, nimerina asali porini, nimepanga mitumba ya tumbaku, nimeuza vocha stendi, na kwa miezi tisa nilikaa gereji moja mjini Tabora nikijifunza umeme wa magari, mpaka siku niliyoona nimeshaelewa. (Fundi mkuu hakuona hivyo, lakini sikumngoja anieleze.)

Basi mwaka juzi, kipupwe, nilikuwa nimefikia kwa shangazi yangu Kwihara, kule kwenye njia ya zamani ya misafara, na kila asubuhi kabla sijamaliza uji nilisikia sauti za watu nyumba ya tatu: "Moja, mbili, sukuma! Moja, mbili, sukuma!" Siku ya tatu nikashindwa kuvumilia, nikaenda kuchungulia. Nikakuta majirani wanne wanasukuma gari dogo la rangi ya fedha kutoka uani kwenda barabarani, ndani yake mama mmoja ameshika usukani kwa mikono yote miwili, uso mkavu. Lilikuwa gari la siku hizi, lile lisilochomekwa ufunguo popote: ufunguo unakaa mfukoni mwako au kwenye pochi, gari linaunusa lenyewe, unabonyeza kitufe tu linawaka. Gari la namna hiyo haliwaki kwa kusukumwa hata ulisukume mpaka Kigoma. Walikuwa wanalifikisha barabarani tu, ili pikapu ya mashine ya kusaga ikipita ilibusti kwa nyaya.

Yule mama alikuwa Mama Kalunde. Mumewe, Mzee Maganga, alikuwa amefariki wiki tano kabla. Mzee alikuwa akinunua asali vijijini na kuipeleka mjini, na ndiye aliyemfundisha mkewe kuendesha, mama akiwa na miaka hamsini na mbili, wanakijiji wakicheka, mpaka mama akajua kuliko yeye. Sasa madumu ya asali alikuwa akiyapeleka mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe si Doto, mtoto wa kaka yake Nyanzala? Nasikia unajua umeme."

Hapo ndipo kilipoanza kile kitu kidogo kilichonifikisha nilikofika. Ningeweza kusema najua kidogo. Nikasema, "Hilo la kwako ni tatizo dogo, mama. Niachie mimi."

Mama Kalunde akapumua, akanieleza kila kitu, na nataka mwangalie vizuri alichosema, maana mimi sikuangalia.

"Limeanza siku ile ile tuliyomzika," alisema. "Jioni nalizima vizuri, asubuhi halina hata pumzi. Nimeweka betri mpya, nayo ikawa vile vile. Fundi wa mjini kapima alteneta, kasema nzima. Na kingine, mwanangu, siku hizi linalia. Nikishuka nikabonyeza kile kitufe cha mlangoni ili lifunge, halifungi, linalia piiii kama katoto. Inabidi nilifunge kwa kubonyeza ufunguo wenyewe. Zamani halikuwa na tabia hiyo. Watu wanasema linamlilia mwenyewe. Na hata ule ufunguo wa pili nao siku ya mazishi uli..."

"Mama," nikamkata, "gari halina macho, litalia na nini? Hapo kuna kitu kinakunywa betri usiku. Nikikipata nimemaliza."

Akaliacha hilo. Ni mtu mpole. Halafu akaniambia jambo moja la mwisho, na hilo nililisikia lote. Mdogo wa marehemu, Mihambo, alikuwa ameamua gari liuzwe siku ya arobaini, Jumamosi ile. Mnunuzi wa mpunga kutoka Igunga angekuja na pikapu alivute. Mama Kalunde na shemeji yake walibishana mpaka wakafikia makubaliano mbele ya wazee wa ukoo: Jumamosi, baada ya sala, Mama Kalunde aketi alibonyeze. Likiwaka lenyewe, bila kusukumwa wala kubustiwa, libaki kwake na asiwepo mtu wa kulitaja tena. Lisipowaka, liende Igunga.

"Ndicho kitu pekee marehemu alichonifundisha kwa mkono wake," alisema, akipangusa kioo kwa upindo wa kanga. "Kulima nilikuja nakujua."

Nikamwambia Jumamosi litawaka. Niliapa, tena.

Siku iliyofuata nikaenda mjini kwa mzee Kanti, Mhindi mwenye duka la vipuri karibu na soko, aliyezaliwa Tabora kama baba yake na anayekijua Kiswahili kuliko mimi. Nilitaka aniazime testa, kile kipimo cha umeme chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Akanipa, lakini akakishikilia ncha moja kama mtu asiyeamini.

"Sikiliza Doto. Gari la siku hizi si kama lile la babu yako. Ukilizima linajifanya limelala, kumbe ndani vikompyuta bado vinapiga soga, hiki kinauliza mlango umefungwa, kile kinajibu umefungwa, mpaka vichoke. Toa waya wa hasi kwenye betri, weka testa hapo katikati ili umeme wote upite kwako. Funga milango, usiguse kitu, ngoja dakika arobaini. Namba itaanza juu halafu itashuka. Ikifika chini ya hamsini, gari limelala. Ikikataa kushuka, kuna kitu kinalikesha. Hapo unang'oa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Umeelewa? Haya, jambo la pili..."

Jambo la pili nililisikia kwa mbali, kama sauti ya mtu anayeongea upande wa pili wa mto, kwa sababu nilishapanda bodaboda.

Alhamisi na Ijumaa nilikuwa uani kwa Mama Kalunde tangu asubuhi. Alinikabidhi ufunguo, nikautia mfukoni ili usipotee (akili hiyo), nikafunga testa kwenye betri, nikavuta nyaya zake mpaka dirishani, nikakaa kiti cha dereva bila kutikisika, macho kwenye namba. Pale kitini palikuwa na mto mdogo wa mgongo, wa kitambaa cha maua, alioshonewa Mzee Maganga kwa ajili ya kiuno chake kibovu. Hakuna aliyetaka kuuondoa. Niliuegemea siku mbili nzima, na nakiri ulikuwa mto mzuri, ila kuna kitu kigumu kilikuwa kikinichoma karibu na ubavu, nikadhani ni kifungo.

Dakika arobaini zikapita, namba ikasimama mia tatu na arobaini. Saa nzima, mia tatu na arobaini. Nikashangilia peke yangu. Nikaanza kung'oa fyuzi moja moja na kuzipanga kwenye kofia yangu, na nilipong'oa ile ya mfumo wa milango na ufunguo, namba ikaanguka mpaka ishirini na mbili, pwaa. Mtu mwenye subira angekaa akajiuliza kwa nini mfumo wa ufunguo haulali. Mimi niliingia chini ya dashibodi na tochi, na huko nikakuta kijisanduku cheusi, kimefungwa kwa gundi ya nyaya, wala si cha kiwandani, nyaya zake zimeunganishwa kwa mkono.

Nikajua. Yaani niliona kesi nzima mara moja, kama mtu anayeangalia mchezo. Kile ni kifaa cha kulifuatilia gari. Nani angetaka kulifuatilia? Nani angetaka betri ife kila usiku mpaka mjane achoke na kukubali kuuza? Nikazikata zile nyaya, nikakitia kijisanduku kwenye mfuko wa pili. Nikairudisha ile fyuzi, namba ikapanda tena na haikushuka papo hapo. Nilipaswa kungoja tena dakika arobaini, lakini shangazi alikuwa ameniita, kuna ugali na nsansa, zile mboga za majani makavu, zimeungwa karanga, nikajiambia itashuka yenyewe. Nikarudisha fyuzi zilizobaki, nikafunga gari, nikamrudishia mama ufunguo wake. Sikumwambia nilichokiona. Nilitaka kukisemea mbele ya watu. (Hapo shetani hakuhusika, ni mimi.)

Jumamosi ikafika. Uani palifungwa turubai, masufuria ya pilau yako motoni, katekista amekuja na kitabu chake, mnunuzi wa Igunga amekaa mbele kwa adabu, pikapu yake imeegeshwa na kamba imekunjwa nyuma. Alikuwepo pia Mzee Ndahani, Mgogo, mstaafu wa reli aliyehamia Tabora zamani, mtani wa ukoo ule. Alikuwa amerudi kijijini kwao, Wagogoni, tangu yalipokwisha mazishi, na alishuka kwenye treni asubuhi ile ile ya arobaini. Sisi Wanyamwezi na Wagogo tumetaniana tangu babu zetu walipokuwa wakipita nchini mwao na mizigo kwenda pwani, wakitozwa hongo ya njia, na mtani msibani ana ruhusa ambayo mtu mwingine hana. Siku ya mazishi, nilisimuliwa, Mzee Ndahani alivaa kofia ya marehemu, akapanda gari la marehemu, akakataa kushuka, akasema sasa ni lake na mke pia ni wake, mpaka watu waliokuwa wakilia wakacheka huku machozi yakiendelea. Hiyo ndiyo kazi ya mtani.

"Mwangaluka, wabeba mizigo!" alisalimia akiingia. "Hamjambo? Mmeshawahi kubeba gari?"

"Wewe kaa chini, mla hongo," wakamjibu, na kila mtu akawa mwepesi kidogo.

Baada ya sala ya kwanza Mihambo akasimama. Ni mtu mrefu, mtaratibu, sauti ya chini. Akayarudia yale makubaliano, akasema, "Shemeji, hayupo anayekunyang'anya. Mimi naogopa siku likuzimikie porini na madumu yako, peke yako. Basi. Tujaribu."

Mama Kalunde akasimama. Na mimi nikasimama. Nikaomba neno.

"Ndugu zangu," nikasema, na nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno hilo mbele ya kioo cha shangazi, "gari hili halikufa. Gari hili lilikuwa linauawa. Na aliyekuwa akiliua tuko naye hapa chini ya turubai."

Hata masufuria nadhani yaliacha kuchemka. Nikatoa kile kijisanduku, nyaya zinaning'inia kama utumbo wa kuku, nikakiinua juu, nikamtazama Mihambo na kumwomba awaeleze watu kifaa hiki kilifungwa na nani. Akaangalia chini. Nikaona huo ni ushahidi. Nikamgeukia mama kama mtu wa kwenye jukwaa: "Mama, washa gari lako."

Mama Kalunde akaingia, akauweka sawa ule mto mgongoni kwake, akakanyaga breki, akabonyeza.

Tik.

Akabonyeza tena. Tik. Mara ya tatu hata tik haikusikika.

Mihambo ndipo akasema, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira: "Hicho ni kidude cha alamu. Alikifunga kaka mwenyewe, baada ya wezi kumvunjia kioo wakambebea madumu mawili ya asali. Alikifunga usiku, hapa hapa uani. Mimi ndiye niliyemshikia tochi."

Najua mnangoja niwaambie nilijisikiaje. Nilikuwa natazama kola ya lile shati la kuazima, na nakumbuka niliwaza kwamba inahitaji kufuliwa.

Mnunuzi wa Igunga akakohoa, akauliza polepole kama mtu anayeuliza njia, "Basi nifunge kamba?" Watu wakageukia gari, kwa sababu Mama Kalunde hakushuka. Alikaa mle ndani, mikono juu ya usukani, anatazama mbele kama yuko barabarani.

Nikaenda dirishani kwake. "Mama, nisamehe. Nipe nafasi moja, nimpigie aliyeniazima testa."

"Mpigie," alisema. "Ila safari hii msikilize."

Lakini kwanza ilibidi betri ipate chaji, na mnunuzi (Mungu ambariki, alikuwa anajinyima gari mwenyewe) akasogeza pikapu yake akalibusti. Gari likawaka. Na kwa kuwa nilikuwa nimezikata nyaya za alamu bila kujua ni alamu, honi nayo ikaanza, paa, paa, paa, haizimiki, na katekista kwa wakati huo alikuwa ameona ni vyema atulize watu kwa sala. Nikaanza kutafuta fyuzi ya honi. Nilitoa ya taa, nikatoa ya redio, nikatoa ya feni, na honi inaitikia kila sentensi ya katekista kwa uaminifu kuliko waumini, mpaka akafika Amina nusu ya safari na kuketi. Nilipoing'oa fyuzi yenyewe, ukimya ulioingia ulikuwa mbaya zaidi ya honi.

Tukaliacha gari likinguruma kama saa nzima, likazimwa, mama akanirudishia ufunguo, nikafunga testa, nikaingoja namba, nikampigia mzee Kanti. Simu yangu ilikuwa mbovu, ilisikika kwa spika tu, kwa hiyo mazungumzo yalikuwa ya ukoo mzima.

"Namba inakataa kushuka, mzee. Mia tatu na arobaini."

"Ufunguo uko wapi?"

"Ufunguo upi?"

"Wa gari, Doto! Uko wapi sasa hivi?"

Nikapapasa. "Mfukoni."

Akavuta pumzi, ikasikika mpaka jikoni. "Nilikwambia jambo la pili, ufunguo uweke mbali. Gari linaunusa! Wewe umesimama hapo na ufunguo, gari linasema bosi yupo, silali. Hata juzi ulipima hivyo?"

"Hukuniambia, mzee."

"Nilikwambia! Ulikuwa juu ya bodaboda!"

Walicheka. Walicheka wanawake wa jikoni, akacheka mnunuzi, akacheka katekista akijifanya anafunga kitabu, na Mzee Ndahani alicheka mpaka akaomba ashikwe. "Mnyamwezi kabeba mzigo mfukoni hajui kama kaubeba!" Lile swali la mfukoni ninaloulizwa vibarazani mpaka leo lilizaliwa dakika ile.

Mihambo peke yake hakucheka. Akauchukua ufunguo mkononi mwangu, akampa jirani aupeleke mpaka nyumbani kwa shangazi. "Milango yote imefungwa? Basi tungoje," akasema. "Dakika arobaini si nyingi."

Ndivyo watu wa arobaini walivyokaa chini ya turubai wakingoja gari lilale. Mimi nimesimama na testa, ukoo mzima nyuma yangu, hakuna anayethubutu kupiga chafya. Wanawake wananong'ona: "Limelala?" "Bado." "Mbona namba inaruka?" "Labda linaota." Mzee Ndahani akasema jamani kulibembeleza gari mwajua, basi liimbieni, na bibi mmoja mwenye mzaha kuliko wote akaanza kweli kuimba ule wimbo wa kumtuliza mtoto, kwa sauti ndogo, wenzake wakaitikia. Mama Kalunde alikuwa ameketi kwenye mkeka, hakuimba, anaitazama namba tu.

Dakika arobaini. Mia tatu na arobaini.

Nikampigia tena mzee Kanti, nikamsomea namba. Akaguna. "Basi kuna ufunguo mwingine karibu na gari. Karibu sana, pengine ndani kabisa. Na mlango, ukibonyeza kitufe chake kufunga, haupigi kelele?"

"Unapiga," nikasema taratibu. "Unalia."

"Sasa! Gari linakwambia umesahau ufunguo ndani, lifanyeje tena, likuandikie barua? Uliza ufunguo wa pili uko wapi."

Nikamgeukia Mama Kalunde. Hata sikuuliza. "Ulipotea siku ya mazishi," akasema. "Nilianza kukuambia, Doto."

Na hapo Mzee Ndahani akasimama. Akavua kofia, akaigeuzageuza.

"Haujapotea," akasema. "Ninao mimi. Yaani, niliuficha."

"Mtani!" ukoo mzima ukalipuka.

"Subirini! Mimi nilimwambia Mihambo pale pale makaburini, nimeshika kitu cha marehemu, njooni na jogoo mkikomboe. Akaniambia sawa mtani. Sikusema, Mihambo?"

"Ulisema," Mihambo akajibu, "lakini ulikuwa umevaa kofia ya kaka. Nilidhani ni kofia. Nikasema mwache abaki nayo."

"Kofia! Mtu akomboe kofia kwa jogoo? Siku arobaini nangoja jogoo kwetu, nasema hawa wabeba mizigo wamekuwa bahili mpaka msibani! Babu zenu wangepita kwetu bila kutoa hongo, wangeiona pwani?" Lakini alipomtazama Mama Kalunde utani ukamtoka. "Shemeji, Mungu ni shahidi yangu, sikujua kama ndio unaolitesa gari."

"Uko wapi, mtani?" Mama Kalunde akauliza.

Mzee Ndahani akaenda kwenye gari, akafungua mlango wa dereva, akautoa ule mto wa maua. Akafumua uzi kwenye mshono wa nyuma, akatia vidole viwili, akautoa ufunguo. Nikashika ubavu wangu. Siku mbili nzima nimeuegemea.

Akaamriwa aupeleke mwenyewe, kwa miguu, mpaka kule kwenye jumba la kumbukumbu wanakoenda watalii, na asirudi mpaka aitwe. Tukafunga mlango, tukangoja tena dakika arobaini, safari hii tukila pilau. Mimi sikula. Mia tatu na arobaini. Mia tatu na arobaini. Mia na themanini. Halafu, mtu mmoja akiwa katikati ya kuomba kachumbari, ishirini na sita. Ilipigiwa vigelegele namba ile kama bibi harusi.

Mihambo akainua mkono. "Namba si gari. Tuliahidiana liwake lenyewe, na leo limebustiwa. Tulale nalo, kesho kabla ya kanisa tutajua." Mnunuzi akasema ni haki, yeye atalala mjini.

Sikulala vizuri. Jumapili saa moja nilikuwa uani kabla ya wote, mikono mitupu. Ufunguo ulilala juu ya kabati, chumba cha mbali, na ule mwingine nyumbani kwa Mihambo. Mama Kalunde akatoka amevaa nguo za kanisani, akaingia, akauegemea mto wake (ulikuwa umeshonwa upya, kwa uzi mwekundu), akakanyaga breki, akabonyeza. Gari likawaka kabla kidole hakijatoka kwenye kitufe.

Hakuna aliyepiga kelele. Mihambo aliinamisha kichwa mara moja tu, kama mtu anayeweka sahihi. Mnunuzi akampa Mama Kalunde mkono, akaenda zake na kamba yake.

Mama akalizima, akashuka, akafunga mlango, akabonyeza kile kitufe cha mlangoni. Kak. Likafunga. Akasubiri, mkono bado uko juu ya mlango.

"Limenyamaza," akasema.

"Ndiyo mama, ule mlio ulikuwa ni kwa sababu..." nikaanza, kisha, sijui ni nini kilinizuia, nikafunga mdomo.

"Najua, mwanangu. Nimeelewa ni ufunguo." Akalipapasa lile bati la rangi ya fedha. "Nasema tu limenyamaza. Nilishazoea tukilia wawili."

Wiki hiyo nilirudi kuziunga nyaya za alamu nilizozikata. Mihambo alikuja, nikamwomba radhi kwa maneno ambayo sikuwa nimeyafanyia mazoezi popote, akasikiliza mpaka mwisho, akainama, akanishikia tochi.

Wazee waliamua pia kwamba jogoo wa Mzee Ndahani nitamlipa mimi, kwa kosa la ulimi, na ndivyo ilivyokuwa. Nikampeleka kwa baiskeli, miguu imefungwa, anapiga kelele njia nzima. Mzee alimpokea, akampima uzito kwa mkono, akasema hongo imepokelewa, njia iko wazi. Nikashukuru, nikashika baiskeli.

"Ngoja," akasema. "Unakwenda wapi? Sijamaliza. Jogoo mgumu kama huyu ana namna yake ya kupikwa, na kuna mambo mawili ya kujua. La kwanza..."

Nimeapa mengi maishani, na mengi nimeyaacha njiani. Lakini siku ile niliiegemeza baiskeli ukutani, nikavuta kigoda, nikakaa.